Rangi Hutazamwa Mlangoni

Duka la rangi lilikuwa limefurika. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo kila mwenye nyumba hukumbuka ghafla kwamba kuta zake zinatia aibu. Mafundi walikuwa wakigombea brashi. Mama mmoja alikuwa kwenye simu na mumewe, wanabishana kama rangi ya maziwa na rangi ya pembe ya ndovu si kitu kimoja. Mashine ya kutikisa makopo ilikuwa ikinguruma kwenye kona, kwa hiyo hata waliokuwa wanapendana walilazimika kupayukiana. Katikati ya patashika hiyo alisimama kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, miwani imefutwa ikafutika, bahasha ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Alikuwa mpima macho. Kutwa nzima aliwakalisha watu kwenye kiti, akawaonyesha herufi ukutani, akawaambia nani anaona na nani anabahatisha. Kazi ya namna hiyo humvimbisha mtu kichwa, na yeye kilikuwa kimemvimba kiasi. Alikuwa na mazoea ya kusema mbele za watu kwamba macho yake hayajapata kumdanganya.

Nyuma ya kaunta alikuwepo mchanganya rangi wa duka, ambaye wateja wote walimwita Bi Rangi. Alikuwa mweusi wa kukoza, mweusi ule ambao kitambaa chekundu kichwani huonekana chekundu maradufu, na siku hiyo alikuwa amekifunga. Juu ya gauni la njano alivaa aproni yenye madoa ya kila rangi aliyowahi kuichanganya. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio.

"Karibu kaka. Rangi gani?"

"Kama hii." Mpima macho akatoa picha kwenye bahasha. "Ni ukuta wa mapokezi ya hoteli moja. Niliupenda, nikaupiga picha, nikaiprinti mwenyewe nyumbani. Nataka chumba changu kiwe hivi hivi."

Bi Rangi akaitazama picha, akamtazama mwenye picha, akairudia picha.

"Huyu dada wa mapokezi alilazwa hospitali gani?"

"Dada gani?"

"Huyu aliyekaa mezani. Ana uso wa kijani, masikini."

Kijana akaisogeza picha karibu na miwani. Kweli, yule dada alikuwa na rangi ya tango. Hakuwahi kumwona, maana siku zote alikuwa anatazama ukuta.

"Sasa kama binadamu ametoka kijani," Bi Rangi akaendelea, "huo ukuta nitauamini vipi? Ulikuwa rangi gani hasa?"

"Ulikuwa... krimu. Nadhani."

"Unadhani."

Mafundi waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Masikio ya kijana yakapata moto. "Dada, mimi kazi yangu ni kupima macho ya watu."

"Basi leo umekutana na wa kuyapima yako. Njoo, Miwani."

Akachukua fungu la kadi za rangi, lile linalofunguka kama upepeo, akamshika mkono wa shati akamvuta hadi nje, kwenye mwanga wa mchana. Kila mteja alivutwa hivyo, lakini mpima macho hakuwa na habari. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kwenda mbio bila kuomba ruhusa.

"Rangi hutazamwa mlangoni," alimwambia. "Humu ndani taa zinadanganya. Na usitegemee kumbukumbu, nayo inadanganya. Unashika kitu unachokijua, kadi yangu hii kwa mfano, unaiweka kando ya kile usichokijua. Vikilingana, umepata. Visipolingana, hujapata hata ukila kiapo. Chumba chako sasa hivi ni rangi gani?"

"Cheupe."

"Pazia?"

"Jeupe."

"Na shuka?"

Kijana akasita. "Nyeupe."

"Kumbe unaishi ndani ya bandeji! Hapana. Nakuchanganyia papai bivu."

Aliyefuata krimu akatoka na makopo ya papai. Bi Rangi akachomoa kadi ya papai kutoka kwenye fungu, akampa akalinganishe ukutani. Juu ya kifuniko cha kopo akaandika namba ya simu, kwamba rangi ikileta taabu apige. Namba hiyo haikuwa ya duka.

Rangi haikuleta taabu yoyote, ila kijana alipiga jioni ileile.

"Halo, Bi Rangi? Ni mimi, wa papai. Nimepaka ukuta mmoja, chumba kinaonekana kama kinaungua."

"Umekauka?"

"Bado."

"Sasa unauhukumu vipi haujakauka? Hata wewe ulipoingia dukani ulionekana kituko."

"Na sasa?"

"Bado unakauka."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwake, na hakuna aliyekuwa tayari kukata simu kwanza. Kesho yake alipiga kuuliza habari za mkono wa pili wa rangi. Keshokutwa alipiga kuuliza brashi huoshwaje, ingawa alikuwa ameshaiosha. Mwisho akaishiwa maswali ya ujenzi, ikambidi aseme ukweli kwamba anataka kusikia sauti yake tu.

"Ungesema tangu mwanzo, Miwani wangu," Bi Rangi akamjibu. "Mimi nilishamaliza mada za brashi."

Wakapendana. Mpima macho akawa anampitia dukani akitoka kazini, wanatembea pamoja taratibu huku magari yakiwapita. Ni katika matembezi hayo Bi Rangi alipomsimulia habari za mchumba wake wa kwanza.

"Aliniletea zawadi. Boksi zuri, lina utepe. Nikafungua kwa furaha, nikakuta makopo mawili ya krimu ya kujichubua. Ati nikipungua weusi kidogo tu, kwao watanipokea."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia akitaka ukuta mwingine akajenge mwingine." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Na nyumbani nina shangazi. Ananipenda kwelikweli, hana ubaya, lakini haji mikono mitupu. Mara sabuni ya kutakasa, mara mafuta ya kutakasa. Tangu nina akili zangu nachukuliwa kama kosa linalosubiri kurekebishwa. Nimechoka, Miwani. Atakayenitaka anitake hivi nilivyo."

"Mimi nakutaka hivyo ulivyo."

"Tutaona," akasema Bi Rangi, akamshika mkono.

Siku moja kijana alimpiga picha kwa simu, pale mlangoni pa duka. Bi Rangi alikuwa ametoka na mteja, kadi za rangi amezikunjua kando ya shavu, kadi mpya ya papai ikiwa mbele, kitambaa chekundu kichwani, anacheka na jua. Ilikuwa picha nzuri kupita kiasi. Kijana akaamua kuichapa kubwa, aitie fremu, ampelekee siku yake ya kuzaliwa.

Sasa tuingie chumbani kwake tukaone alivyofanya. Kuta zote nne zilikuwa za papai. Pazia lilikuwa limefungwa kuzuia vumbi la barabarani. Katikati ya dari ilining'inia taa moja ya mwanga wa njano, na mezani kulikuwa na kompyuta ambayo mwanga wa skrini yake ulikuwa umepandishwa hadi mwisho, kama ilivyotoka dukani. Kando yake ilikaa printa ya picha, ambayo aliipenda na kuifuta kila siku.

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi tititi, kila mtu angedhani ni meno na kadi zinazoelea gizani. Skrini ilimwonyesha msichana anang'aa, karatasi ikamwonyesha usiku. Angeshuku skrini, lakini hakushuku. Akaiongeza picha mwanga, akachapa tena. Safari hii aliiona ya njano, akaongeza buluu. Bado ni ya njano kidogo, akaongeza tena. Akaongeza mwanga, akaongeza buluu, akaongeza mwanga, mpaka karatasi iliyokuwa mkononi, chini ya taa ile, katikati ya kuta zile, ikafanana na skrini kama pacha.

"Hapo!" akaiambia printa. "Huyo ndiye yeye."

Akachapa na nakala ndogo ya kumtumia mama yake mzazi, aliyekuwa anaishi mji mwingine.

Jumapili mchana, siku yenyewe ya kuzaliwa, alifika kwa kina Bi Rangi amevaa suti ya kijivu na tai aliyoifunga mara nyingi hadi ikachoka. Sebuleni madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa ndani. Mama yake Bi Rangi alimkaribisha. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa kwa ukamilifu wake wote, bangili hadi karibu na kiwiko. Bi Rangi mwenyewe alivaa gauni la samawati lililomkaa sawasawa, akamkonyeza mgeni wake, akaichana karatasi ya zawadi.

Kila mtu akasogea kutazama.

Ndani ya fremu kulikuwa na msichana wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi ikaachwa ikapoa. Midomo ilikuwa ya zambarau. Kitambaa kichwani kilikuwa cha waridi. Alicheka, lakini kama mtu anayecheka akiwa ndani ya friji.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alipiga makofi, bangili zikalia. "Haa! Hapa sasa ndiyo umependeza! Mwanangu umetakata! Miaka yote hii nasema, hunisikii. Baba, umemfanyaje?"

Mpima macho alikuwa akiitazama picha yake mwenyewe, kinywa wazi, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta familia nyingine inakula.

"Uliigusa?" Bi Rangi akauliza taratibu.

"Niliigusa... ndiyo."

"Uliifanyaje?"

Kijana hakujua kudanganya, na siku hiyo ukweli haukumsaidia. "Niliiongeza mwanga."

"Mara moja?"

"Mara... kadhaa."

"Kwa nini?"

"Nilivyoitazama haikuwa sawa."

"Na hivi ndivyo unavyoona sawa?"

Hapo ndipo pa kusema nimekosea, nisamehe, sijui imekuwaje. Lakini mtu aliyezoea kuwaambia wengine kwamba hawaoni, ulimi wake ni mzito kwa maneno hayo. "Macho yangu yako sawa," akasema. "Nyumbani nimeitazama, ilikuwa wewe kabisa."

Bi Rangi akaiweka fremu mezani kwa adabu zote, jambo lililotisha kuliko kama angeivunja.

"Yule wa kwanza alileta makopo, akaniachia nijipake mwenyewe nikitaka," alisema. "Wewe umenipaka bila hata kuniuliza."

Akaingia ndani. Kijana alitoka na fremu yake kwapani, shangazi akimfuata hadi barazani kumsihi aiache, kwamba yeye ana nafasi nzuri ukutani kwake.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya simu zisizopokelewa. Alipiga asubuhi, hakuna. Alipiga mchana, hakuna. Alipiga kwa mama mtu.

"Yuko bafuni anaoga, baba."

"Mama, asubuhi pia alikuwa anaoga."

"Duka la rangi lina uchafu mwingi, mwanangu."

Mara moja tu simu ilipokelewa na mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Miwani wako."

"Kanunue mingine," akasema Bi Rangi, na simu ikakatika.

Hata Bi Rangi hakuwa salama. Wiki hiyo alimchanganyia mteja mmoja rangi ya waridi kwa ajili ya chumba cha mtoto ikatoka kama ini. Alilia stoo, kati ya mifuko ya chokaa, akiwa na hasira kwamba analia. Kilichomuuma hakikuwa karatasi. Alikuwa amemwamini mtu huyu, akamwonyesha mahali panapouma, na palepale ndipo alipobonyeza.

Mpima macho naye alikuwa hali, halali. Jioni moja simu yake ikaita, akairukia. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, picha ya mkwe imefika. Binti mzuri, sura ya upole. Ila mbona amezimia?"

"Hajazimia, mama. Anacheka."

"Na midomo hiyo ya zambarau? Mwanangu, mpeni chakula."

"Mama, yeye hayuko hivyo. Ni mweusi, mzuri, ana..."

"Sasa kama ni mweusi, huyu uliyeniletea ni nani?"

Swali hilo likamkaa. Akaichukua fremu uvunguni alikoificha, akaitazama chini ya taa. Maajabu! Picha ilikuwa sawa. Weusi wake, kicheko chake, wekundu wa kitambaa, vyote vilikuwa mahali pake. Kesho yake asubuhi akatoka nayo aende nayo kazini, akaitupia jicho barazani, akamkuta yule wa kwenye friji. Akarudi ndani mbio, akamkuta mpenzi wake. Akatoka nje, wa kwenye friji. Akarudi ndani.

Jirani, mama mtu mzima aliyekuwa anaanika nguo, akavumilia hadi akashindwa. "Jirani, hiyo picha unaipunga hewa?"

"Inabadilika, mama! Ndani ni yeye, nje si yeye!"

"Basi kuna kitu huko ndani."

Mpima macho akasimama mlangoni, mguu mmoja nje, mwingine ndani. Akazitazama kuta zake za papai, taa yake ya njano, pazia lake lililofungwa. Kila kitu humo ndani kilikuwa kinaogeshwa na papai, karatasi, mikono yake, hata shati lake jeupe. Yeye alikuwa ameiona njano ya chumba akadhani ni njano ya picha, akapigana nayo kwa buluu. Rangi hutazamwa mlangoni. Aliambiwa siku ya kwanza kabisa, akashikwa mkono wa shati, akakumbuka mkono tu.

Siku hiyo aliomba ruhusa kazini, akakaa chini kama mwanafunzi. Alianza na skrini. Akafungua ukurasa mweupe mtupu, akashika karatasi nyeupe kando yake, akapunguza mwanga wa skrini hadi weupe wa huku na weupe wa kule ukakaribiana. Akaenda kwenye printa. Kumbe siku zote alikuwa ameiambia inachapa kwenye karatasi ya kawaida, ilhali aliilisha karatasi ya picha yenye mng'ao, ikawa inamwaga wino kwa vipimo visivyo vyake. Kumbe tena programu ya picha ilikuwa inarekebisha rangi, halafu printa ikapokea na kurekebisha upya, kama wapishi wawili wanaotia chumvi chungu kimoja bila kuambiana. Akaizuia printa, akaiachia programu peke yake.

Kisha akairudia picha ya asili, ile ambayo haikuguswa. Na hapo akaapa hatagusa uso. Hata kidogo. Alikuwa na kitu kimoja anachokijua, kadi ya papai aliyopewa dukani, na kadi ya rangi hiyohiyo ilikuwa imo ndani ya picha, mkononi mwa Bi Rangi, kando ya shavu. Akachapa, akaacha wino ukauke, akaenda mlangoni, akaweka kadi juu ya kadi. Ya kwenye picha ilikuwa imezidi wekundu. Akarekebisha picha nzima kidogo, akachapa, akasubiri, akaenda mlangoni. Imepungua. Akarudi. Jirani alishamaliza kuanua, akaleta kigoda akakaa kutazama.

Alasiri, kabla mwanga wa jua haujabadilika rangi, papai la mkononi na papai la kwenye picha vikawa kitu kimoja. Ndipo akainua macho akautazama uso.

Alikuwa yeye. Mweusi wa kukoza, jua limemgusa shavuni, chini ya kitambaa chekundu kweli, anacheka kama siku ile. Mpima macho akakaa kwenye ngazi akavua miwani, maana ilikuwa imelowa.

"Sasa ndiyo yeye?" jirani akauliza.

"Ndiyo yeye, mama. Nimemkosea sana."

Jumamosi duka lilikuwa limejaa kama kawaida. Bi Rangi aliinua macho, akamwona amesimama kwenye foleni na bahasha yake. Akashusha pumzi, akavaa uso wa kazi.

"Karibu kaka. Rangi gani?"

"Kijivu."

"Cha nini?"

"Kufunika papai."

Mafundi wakatazamana. Kila mmoja dukani alikuwa na habari kamili, kwa sababu stoo ya duka haina dari. Bi Rangi alilipiga kopo la kijivu juu ya kaunta, tone likaruka.

"Vizuri. Futa. Futa na papai, ulishanifuta mimi! Makopo mangapi yatatosha usibakie na kumbukumbu?"

"Njoo mlangoni," kijana akasema.

"Nina wateja."

"Nenda tu dada," fundi mmoja akasema haraka. "Sisi leo hatuna haraka."

Na kweli hawakuwa na haraka, maana walimfuata hadi mlangoni wote.

Bi Rangi akaitoa picha kwenye bahasha. Kwanza aliitazama kikazi. Akaigeuza huku na huku akitafuta kasoro. Akachomoa fungu la kadi mfukoni, akaweka kadi juu ya kadi. Akaweka picha juu ya mkono wake mwenyewe, ngozi kwa ngozi. Akairudia kadi, akaurudia mkono, mpaka mashine ya kutikisa makopo ikazima yenyewe huko ndani.

"Ni chumba," kijana akasema. "Kuta zako za papai na taa yangu. Nilikuwa narekebisha chumba nikidhani narekebisha picha."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ya ukuta. Ya mdomo ni yangu. Uliponiuliza mbele ya ndugu zako ningesema nimekosea. Mimi nikatetea macho yangu, nikakuacha wewe peke yako na ile picha. Naomba unisamehe."

Bi Rangi hakuyaondoa macho kwenye picha. "Na hapa uso umeufanyaje?"

"Sikuugusa. Nililinganisha kadi na kadi tu. Kadi iliporudi, na wewe ukarudi."

Akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, na mkono ulikuwa na kijivu.

"Una rangi shavuni," kijana akasema.

"Usiniguse."

"Sikugusi."

Akamsogezea shavu. "Haya, niguse basi, unangoja nini?"

Mafundi wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekuja kununua turpentaini akalia waziwazi. Lakini Bi Rangi akainua kidole.

"Bado sijakusamehe. Nilidhalilika mbele ya watu, na mambo yatanyooka mbele ya watu walewale. Jumapili, kwetu. Uje na fremu."

Jumapili akaja, suti ileile, tai ikiwa na hali mbaya zaidi. Madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa. Mama akaipokea fremu, akaitazama, akaitundika ukutani mwenyewe, akarudi nyuma hatua kadhaa, mkono kifuani. Shangazi akaegemea mbele, bangili zikagongana.

"Mbona hii imetoka nyeusi? Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Baba, hii mbona imeharibika?"

Bi Rangi hakumtazama shangazi. Alimtazama kijana. Sebule nzima ikamgeukia. Kijana akasimama.

"Iliyoharibika ni ile, shangazi," akasema. "Niliiharibu mimi kwa kutoona vizuri. Hii haikutoka nyeusi. Ametoka yeye, na mimi ninayempenda ni yeye."

Shangazi akaitazama picha, kisha mpwa wake, kisha picha tena, kana kwamba hajawahi kuviona pamoja. Taratibu akatoa kitu kwenye mkoba wake, mfuko mdogo wa zawadi wenye harufu ya sabuni, akausukuma chini ya kochi kwa kisigino. "Kumbe una vishimo mashavuni kama mimi," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Rangi akamfuata kijana wake dirishani, akamnyoosha tai.

"Kile kijivu umeshakipaka?"

"Bado. Kopo liko mlangoni."

"Sikiliza basi. Ukuta wa nyuma ya printa upake kijivu. Mingine mitatu inabaki papai, na pazia nitachagua mimi."

"Mitatu yote? Bi Rangi, humo ndimo ninamochapia picha, zitatoka vipi na papai lote hilo?"

"Utazipeleka mlangoni," akasema Bi Rangi. "Kwani wewe Miwani, unaoa au huoi?"